Geuza Ua Utazame Kisogo Chake

Hotuba kwa walimu wa baiolojia, maafisa ugani na wanafunzi wa sekondari, jijini Mwanza

Mwangaluka!

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, maafisa ugani mliotoka Kwimba, Magu na Misungwi, ninyi mliovuka maji kutoka Ukerewe, na wanangu wa kidato cha tatu na cha nne: karibuni, na asanteni kwa kuja. Mlangoni kila mmoja amepewa bahasha yenye mmea mkavu. Msiifungue kwanza, tutaifikia.

Nimeombwa nizungumzie maua ya porini yaliyo ndugu, yale yanayofanana mpaka watu wakayaita yote kwa jina moja, na namna ya kuyatenganisha kwa kuyatazama. Sitawazungusha. Ninachokuja kusema ni kwamba rangi, ambayo ndiyo jicho huikimbilia, ni shahidi dhaifu kuliko wote. Hubadilika ndani ya aina ileile moja, hupauka juani, hupotea kabisa mmea ukikauka. Ukitaka kujua ua ni la nani, ligeuze utazame kisogo chake. Tazama kikombe cha kijani kinacholishika, tazama ukingo wa jani, ng'oa mmea utazame mzizi. Ushahidi unaodumu uko huko.

Naanza na gugu la kiduha, na nitakaa hapo kuliko kwingine, kwa sababu kukitambua vibaya hulipwa kwa magunia ya mtama na mahindi.

Kila aliyelima luseni, ule udongo wetu wa kichanga wa miinukoni, anakifahamu. Mvua inanyesha vizuri, lakini mahindi yamedumaa, majani yamepauka na kujikunja utafikiri kuna ukame. Baada ya muda maua mazuri yanachomoza katikati ya mistari ya mahindi, na mgeni anayepita barabarani anaweza kusimama apige picha. Chini ya ardhi mizizi ya kiduha imejichomeka kwenye mizizi ya mahindi, inanyonya maji na chakula. Sehemu kubwa ya hasara huwa imeshatokea kabla shina halijatokeza juu ya udongo.

Jina hilo la kiduha tunalitumia kwa mimea zaidi ya mmoja. Kwetu, miwili ndiyo ya kuijua kwanza. Upo ule ambao wataalamu huuita Striga hermonthica: mrefu, wa kufika magotini na kupita, wenye maua makubwa ya rangi ya waridi inayoelekea zambarau. Upo na Striga asiatica: mfupi, mara nyingi shubiri moja au moja na nusu hivi, majani membamba sana, maua madogo, mengi yakiwa mekundu ya kung'aa. Kwa maelezo hayo mtu atasema kazi imekwisha, mkubwa wa waridi huyu, mdogo mwekundu yule. Haijaisha. Asiatica ipo yenye maua ya njano, na ipo yenye maua meupe. Hermonthica nayo mara mojamoja hutoa maua meupe. Tena hermonthica iliyoota juu ya mahindi dhaifu yasiyo na cha kunyonywa hubaki fupi. Hapo rangi na kimo vyote vimekuacha njia panda.

Fungueni bahasha sasa.

Mnaona mmea mweusi. Hakuna aliyeuchoma. Kiduha kikikauka hugeuka cheusi chote, jani, shina na ua. Nilipoukandamiza mmea huo kwenye gazeti ulikuwa na maua yenye rangi, na ninyi mlioushika sasa hivi hamna njia ya kujua ilikuwa rangi gani. Vizuri sana, ndivyo nilivyotaka. Chukueni zile lenzi za mkono, moja kwa watu watatu. Msihangaike na petali. Shukeni chini yake, kwenye kile kikombe chembamba kirefu ambacho vitabu hukiita kaliksi. Kina mistari iliyoinuka inayopanda kutoka kitako hadi juu kwenye meno yake. Zungusheni ua taratibu mkihesabu.

Mama pale nyuma anasema mitano. Kijana wa mbele hapa anasema kumi. Wote wamehesabu sawasawa, maana bahasha hazina mmea mmoja. Mitano ni hermonthica: mstari mmoja unapanda kwenye kila jino. Kumi, na wakati mwingine zaidi kidogo, ni asiatica: mmoja unaelekea kwenye kila jino, na mwingine unapanda katikati ya jino na jino. Mmea uliokufa, mweusi, uliokaa bapa ndani ya gazeti, bado umewatajia jina lake.

Mwalimu mmoja hapa ananiuliza kama alama hiyo moja inatosha. Haitoshi kila mahali. Nchini mwetu ipo aina nyingine, Striga forbesii, ambayo nayo kaliksi yake ina mistari mingi. Hiyo utaijua kwa jani, kwa sababu ukingo wake una meno makubwa yaliyochongoka, wakati majani ya wale wawili hayana. Wapo pia majirani wa karibu kiukoo, kundi la Buchnera, wanaoota kwenye nyasi na kuwatia watu hofu bure. Lishike ua lao kwa ubavu: mrija wake ni mnyoofu. Mrija wa ua la kiduha una kona, umepinda ghafla kabla ya kufunguka, na petali zake zimegawanyika juu na chini. Ukishaiona kona hiyo mara moja hutaisahau.

Mtaniuliza, mkulima itamsaidia nini kuhesabu mistari kwenye kaliksi? Maafisa ugani, hapa ndipo nawaomba masikio yenu.

Kwanza, hermonthica haiwezi kuzaa peke yake. Inahitaji chavua ya mmea mwingine, na wadudu wa kuileta. Asiatica hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mmea mmoja tu uliojificha chini ya majani ya mahindi, mfupi, usioonekana mpaka uiname, unatosha kuanzisha ukoo shambani. Mmea mmoja wa kiduha hutoa mbegu makumi ya maelfu. Kila mbegu ina urefu ulio chini ya nusu milimita, vumbi tupu, na inaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 ikiwa hai. Kwa hiyo anayepalilia kiduha kwa kuangalia kwa mbali, akang'oa virefu vya waridi peke yake, anakiachia kile kifupi shamba zima.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kuna ndugu wa tatu mwenye maua ya njano. Jina lake Alectra vogelii. Yumo kwenye familia ileile ya kiduha, naye hunyonya mizizi, lakini hashambulii mahindi wala mtama. Chakula chake ni jamii ya kunde: kunde zenyewe, karanga, njugumawe, soya. Sasa mfikirie mkulima aliyeona ua la njano shambani, akaambiwa na jirani kwamba ni kiduha. Ushauri wa kiduha unajulikana: mwaka huu usipande nafaka, panda kunde au karanga. Ushauri huo ni mzuri kabisa kama ua lile la njano lilikuwa asiatica. Kama lilikuwa Alectra, umemwambia mkulima apeleke karamu mlangoni kwa mwizi.

Kuwatenganisha wawili hao si kazi ngumu, ilimradi usiishie kwenye unjano wao. Ua la Alectra lina mdomo mpana uliofunguka karibu sawa pande zote, halina ile kona ya mrija wa kiduha. Majani yake ni mapana kuliko yale membamba ya asiatica. Kisha ng'oa, tena chimba kwa jembe dogo badala ya kuvuta, maana ukivuta shina hukatika ukabaki na nusu ya habari. Sehemu ya Alectra iliyokuwa chini ya udongo ina rangi ya chungwa iliyokolea. Naam, hiyo ni rangi, na naikubali kwa sababu inathibitisha yale ambayo umbo limeshasema. Na kabla hujaondoka hapo shimoni, tazama mzizi huo umeng'ang'ania mmea gani.

Kwa kuwa tuko Usukumani, siwezi kukiacha kiduha bila kutaja pamba. Mbegu ya kiduha haioti ovyo. Hukaa ardhini ikingoja mpaka mzizi wa mmea ulio jirani utoe kemikali fulani. Kemikali ya kwanza ya aina hiyo kutambuliwa, iliyopewa jina strigoli, ilitangazwa na watafiti wa Marekani mwaka 1966, nao waliipata kwenye mizizi ya pamba. Wakati huohuo pamba yenyewe hainyonywi na kiduha. Mzizi wa pamba unaita, mbegu inaamka, inatafuta pa kujichomeka, inakosa, inakufa. Babu zetu waliopishanisha pamba na mtama kwenye shamba moja walikuwa wanapunguza akiba ya kiduha ardhini. Na mizizi haitoi kemikali hizo kwa ajili ya kiduha; moja ya kazi zake ni kuita kuvu wa udongoni wanaousaidia mmea kupata fosforasi. Udongo ukiwa na njaa ya fosforasi, mzizi unaita zaidi, na kiduha kinasikia. Ndiyo sababu mojawapo luseni iliyochoka inasumbuliwa na kiduha kuliko shamba lenye samadi.

Mbegu za mtama zinazovumilia kiduha zipo. Hakika na Wahi ziliidhinishwa hapa Tanzania mwaka 2002, zikitokana na kazi ya uzalishaji wa mbegu ya Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alikofanyia utafiti wake Gebisa Ejeta, mwana wa Ethiopia aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Na upande wa pili wa ziwa hilihili, pale Mbita nchini Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kimeendeleza kilimo cha sukuma-vuta: desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi, mabingobingo pembezoni. Desmodiamu hufukuza nondo wa funza wa mabua, na mizizi yake hukizuia kiduha kushika mahindi. Maafisa wenzangu mnayajua haya, sitayarefusha.

Sasa tuhame shambani, twende kando ya njia na kwenye mitaro.

Mmeviona vile vimmea vitambaavyo vyenye ua dogo la buluu, petali mbili kubwa juu na moja ndogo chini? Hufunguka asubuhi, na ikifika saa sita au saa saba mchana petali zimeshanyauka na kuyeyuka zikawa utelezi. Kundi hilo huitwa Commelina. Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alilipa jina la ukoo wa Commelin wa Uholanzi: petali mbili kubwa kwa ajili ya wawili waliofanya makubwa katika elimu ya mimea, na ile ndogo kwa ajili ya wa tatu, aliyefariki kabla hajafanya lolote. Naona kisa hicho kinawasaidia wanafunzi kuzikumbuka petali tatu.

Aina za buluu ziko kadhaa, na kwa buluu yake huwezi kuzitenganisha. Achana na petali, maana mchana hazipo. Shika lile jani dogo lililojikunja ambamo maua hutokea. Commelina benghalensis, jani hilo kingo zake zimeungana upande wa chini, limekuwa faneli, vilevile kama karatasi ya kufungia karanga pale stendi. Commelina diffusa, kingo haziungani. Unaweza kulifunua kama lilivyokunjwa mpaka kitakoni, nalo ni refu na limechongoka zaidi. Kisha shuka pale jani la kawaida linapokumbatia shina. Kwenye benghalensis utakuta vinyweleo vyenye rangi ya kutu vimesimama mdomoni mwa ala, yaani hapo linapolikumbatia shina, na jani lenyewe ni pana la mviringo. La diffusa ni jembamba, lina umbo la ncha ya mkuki.

Mkishaona alama hizo, ng'oeni benghalensis taratibu mkiwa mmelainisha udongo kwa maji. Hapo kuna jambo ambalo mimi hulionea raha kila ninapolionyesha. Chini ya ardhi kuna vijitawi vyeupe, na juu ya vijitawi hivyo kuna maua. Maua ndani ya udongo! Hayafunguki kamwe, hayamngoji nyuki, yanajichavusha gizani na kutoa mbegu hukohuko. Mkulima aliyefyeka juu na jembe lake ameacha mbegu chini, na kila kipande cha shina alichokikata kikipata unyevu kinatoa mizizi upya. Huko Georgia, Marekani, mmea huu ulikuja kuwa gugu baya kwenye mashamba ya pamba, kwa sababu dawa ya glaifoseti, iliyomaliza magugu mengine, wenyewe haikuutisha sana. Diffusa haina maua ya ardhini. Kumbe vinyweleo vya rangi ya kutu mdomoni mwa ala vinakuambia kama utumie jembe la juujuu au uchimbe na kuutoa mmea wote shambani.

Yungiyungi nitalipitia haraka. Kwenye vihori vya ziwa vyenye maji tulivu kuna mawili ambayo watu huyatenganisha hivi: jeupe na la buluu. Jeupe ni Nymphaea lotus, la buluu ni Nymphaea nouchali. Tatizo ni kwamba lile la buluu hupauka, na baadhi yake huwa karibu meupe kabisa, ndipo watu hubishana. Ukiwa kwenye mtumbwi, shika jani linaloelea na upitishe kidole ukingoni. Likikukwaruza kwa meno makali yaliyopangana, ni lotus. Likiwa laini au la mawimbi tu, ni nouchali. Ukilipata ua, tazama ncha za stameni, vile vijiti vyenye chavua: za nouchali zina kijimkia kinachozidi chavua, za lotus hazina. Na saa ni ushahidi pia, maana lotus hufunguka jioni na kufunga asubuhi ikishakuwa kubwa, nouchali hufanya kazi mchana. Ninyi vijana, kazi hii ifanyeni mkiwa ndani ya mtumbwi, na mtu mzima. Msiingie majini kwa miguu. Kichocho kipo kwenye maji ya ufukweni, na hakuna ua linalostahili kichocho.

Nimalizie na simu, kwa kuwa naona zimeshanyanyuliwa. Picha ninazotumiwa, karibu zote zimepigwa kutoka juu, ua limejaa kioo kizima, linapendeza. Picha hiyo ina rangi na haina kitu kingine. Sioni kaliksi, sioni ukingo wa jani, sijui urefu, sijui jirani yake ni mahindi au kunde. Na programu za kutambua mimea zina shida hiyohiyo. Utaipa rangi, itakurudishia rangi. Piga ua kwa ubavu, karibu kiasi cha kuhesabu mistari ya kaliksi. Ligeuze upige nyuma. Piga jani likiwa juu ya kiganja chako, ukingo ukionekana. Piga mzizi uliochimbwa. Kisha piga shamba lote lilivyo. Ukiandika tu jina la zao lililokuwa jirani na aina ya udongo, luseni au mbuga (ule mweusi wa mfinyanzi wa bondeni), umenipunguzia nusu ya kazi.

Kwa wanaotaka kukausha mimea yao kwa ajili ya maabara za shule: gazeti la kawaida linatosha, mbao mbili na mawe juu, na Mwanza hatujawahi kupungukiwa mawe. Badilisheni gazeti kila siku mpaka mmea ukauke, la sivyo utaota ukungu. Andikeni rangi ya ua siku ileile mlipolichuma, maana kesho haitakuwepo, na laleni mkijua mistari itabaki. Geuzeni angalau ua moja lilale kwa ubavu kabla ya kubana.

Ila kwa kiduha kuna sharti, na walimu naomba mlisimamie. Chumeni kingali kinachanua, kabla vidonge vya mbegu havijakauka. Mimea iliyomo kwenye bahasha zenu ilikaguliwa mmoja mmoja kwa sababu hiyo. Chenye vidonge vya kahawia kisiwekwe mfukoni, kisitupwe kwenye lundo la mboji, kisisafirishwe kutoka kijiji hiki kwenda kile hata kwa ajili ya somo. Kitiwe kwenye mfuko uliofungwa na kichomwe hapohapo shambani. Mbegu zake hushika kwenye matope ya viatu na kwenye jembe, kwa hiyo jembe lipigwe-pigwe na kufutwa kabla halijahamia shamba jingine.

Kwenye meza za nje tumeweka ndoo tatu za Commelina mbichi na mapande ya udongo wake, pamoja na sufuria moja ya majani ya yungiyungi yasiyo na maua. Kila kundi litaje aina, na liseme limeijua kwa alama gani. Atakayenijibu kwa rangi nitamrudisha kwenye lenzi. Maafisa ugani wa Kwimba na Magu anzeni na ndoo ya kushoto. Wanafunzi, majani ya yungiyungi ni yenu.